Asiyegeuka Amepona

Daktari akishatoa nyuzi, huku Endasak kulikuwa na mtu mmoja tu wa kusema kama mtoto amepona, na mtu huyo hakuwa daktari. Alikuwa mzee wa kufundisha ng'ombe wa kulima. Watu walimwita Mzee wa Maksai, nami nitamwita hivyo hivyo. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, waulizeni wanaompenda. Mimi naandika ninayoyajua.

Nianze na alichokiweza, nisije nikaambiwa nina chuki tu. Chuki ninayo, lakini na macho ninayo. Wafugaji wa Dirma walipanda kuja kwake na madume yaliyowashinda, na watu wa Endagikot, kule Mbulu, waliwahi kumletea dume kwa lori, limefungwa miguu yote. Dume lililomburuza mwenyewe kwenye mahindi, yeye alilirudisha likitembea ndani ya mfereji wa plau bila kukanyaga nje. Na kila dume alilolifundisha alilipa jina la kasoro ya mwenye nalo. Mwenye nalo akiwa mvivu, maksai aliitwa Mvivu. Akiwa mwongo, Mwongo. Maksai akishazoea jina, haliondoki. Kwa hiyo mtu alirudi nyumbani na ng'ombe mzuri, na kuanzia hapo kila msimu wa kulima alipiga kelele shambani mwake mwenyewe, majirani wote wakisikia: "Mwongo, simama! Mwongo, shika mstari!" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Hata mimi nilicheka.

Mjeledi wake aliusuka mwenyewe kwa ngozi ya ng'ombe, mrefu kuliko yeye. Haukumgusa mnyama. Aliupiga hewani ukalia kama bati linalopasuka, na mnyama akaelewa.

Sasa kipimo chake. Dume changa linalofundishwa, mjeledi ukilia nyuma yake, hugeuka. Siku lisipogeuka, limezoea, linaweza kufungwa nira. Mzee aliamua kwamba mtoto naye ni vivyo hivyo. Mtoto aliyeanguka mtini, aliyemwagikiwa uji wa moto, aliyepigwa pembe, kidonda kikishafunga wazazi walimwita mzee. Mtoto alisimamishwa katikati ya uwanja akiutazama mlima Hanang. Mzee alisimama nyuma yake na mjeledi, na watu wote wakasimama nyuma ya mzee, maana hakuna aliyetaka kuwa mbele ya ngozi ile. Kisha paa! Mtoto akiruka au akigeuka, mzee alisema, "Bado. Mzoesheni." Na kumzoesha maana yake ilikuwa kumrudisha kila asubuhi kwenye kile kilichomuumiza mpaka aache kutetemeka. Mtoto asipogeuka, mzee alikunja mjeledi na kusema kauli iliyosubiriwa na wote:

"Asiyegeuka amepona."

Kesho yake mtoto huyo alirudi kazini, au shuleni, au kwenye njia ile ile, na haikuruhusiwa tena kulitaja jambo lile nyumbani. Akilalamika kichwa, aliambiwa, "Si umepona wewe?" Wazazi hawakuwa wabaya. Walitaka mtu wa kuwaambia kwamba shida imekwisha, na yeye aliwaambia kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote wa zahanati.

Mimi nilipimwa nikiwa darasa la tatu. Nilikuwa nawaongoza maksai wa baba, mbele, kamba mkononi, mnyororo wa plau ukakatika, yule wa kulia akashtuka na kugeuza kichwa. Pembe ilinirusha kwenye jiwe la tuta. Niliamka zahanati, kichwa kimeshonwa. Nyuzi zilipotoka nikasimamishwa uwanjani. Nilikuwa nimeshaona yaliyowapata waliogeuka. Mjeledi ulipolia sikugeuka. Watu walipiga makofi. Mama alilia kwa furaha. Kesho yake asubuhi nilipewa kamba ya ng'ombe yule yule.

Hakuna aliyejua kwamba sikugeuka kwa sababu sikuweza kugeuka. Shingo haikuwa yangu, wala miguu. Umewahi kumwona sungura mbwa anapomkaribia kwenye nyasi? Hakimbii, analala bapa, macho wazi. Ukimpita utasema hana habari na mbwa. Moyo wake ungeuweka mkononi ungejua kama hana habari.

Tangu siku ile nilikuwa mtoto mwingine. Mnyororo wowote ukilia, hata wa baiskeli, vidole vilikufa ganzi. Nililowesha kitanda nikiwa msichana mkubwa. Jedwali la kuzidisha nililolijua lote lilinitoka kama maji kwenye chekeche. Mwalimu aliniita mzito, nikarudia darasa, na Mzee wa Maksai, ambaye ndiye aliyewatangazia watu kwamba nimepona, alikuwa wa kwanza kunipa jina. Akinikuta njiani alisema, "Kichwa Kilichoshonwa, hujambo?" Nami nilipaswa kumjibu, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kinavuja?"

"Hapana mzee."

"Mbona darasani hakijai?"

Na waliokuwa naye walicheka, kwa sababu alikuwa mchekeshaji kweli, na kichekesho kikitoka kwa mtu hodari hakuna anayeuliza kinamwangukia nani.

Sasa nina diploma ya utabibu. Sikuipata kwa kushikwa mkono na mtu. Niliondoka hapa nikaosha vyombo Babati, nikauza maandazi Arusha, nikarudia mitihani ambayo wenzangu wenye vichwa vizima waliifeli, nikasoma chuo nikiwa mkubwa kuliko nusu ya darasa, na nikafaulu nikiwa mbele yao. Nimerudi kwa miguu yangu. Nyumba yangu ya bati la bluu ndiyo ya kwanza kuonekana ukipanda kutoka barabarani, na mgonjwa anayetoka Dirma huuliza, "Yule tabibu mwanamke yuko zamu?" kabla hajauliza kama dawa ipo. Nasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yule mzee alisema nisingefika popote.

Kwa hiyo naweza kuliita lile jambo kwa jina lake. Ubongo wa mtoto ni laini, umekaa kwenye fuvu kama maziwa kwenye kibuyu. Kichwa kikigongwa, maziwa yanatikisika yote, hata kama kibuyu hakikupasuka. Ngozi inafunga upesi. Kule ndani panahitaji muda mrefu, usingizi, na utulivu. Halafu kuna jambo la pili, ambalo hata mtoto aliyevunjika mguu tu hulipata. Mwili una mbwa wake wa kulinda boma. Hatari ikija, mbwa anabweka: tezi zilizo juu ya figo zinamwaga homoni, moyo unakimbia, misuli inakaza. Fisi akiondoka, mbwa anatakiwa kulala. Kwa mtoto aliyeumia sana, mbwa wakati mwingine halali. Anabwekea jani, anabwekea mlango, anabweka mpaka mtoto hasikii tena mwalimu anasema nini. Hasomi, hashibi usingizi, anagombana na wadogo zake au ananyamaza kabisa. Watu wanasema amekuwa mkaidi, au mzito. Wengi hutulia wakipewa mtu mzima wa kumtegemea, ratiba ya kila siku isiyobadilika, na mahali pasipo na wa kuwatisha. Wasiotulia wana matibabu, na ndiyo maana tunawaita kliniki hata baada ya nyuzi kutoka. Ukimpigia mtoto huyo mjeledi nyuma ya kichwa, unamrushia mbwa mawe ili anyamaze. Akinyamaza, usiseme amelala.

Mzee alijua. Hapo ndipo ninapomshikia. Angekuwa mjinga ningemwacha.

Wakati mmoja mfugaji wa Dirma alimletea dume lililoponea fisi. Paja limechanwa, limefunga vizuri, lakini dume lilikuwa halifai: kivuli cha mtu kikilipita, linavunja ua. Tulikwenda kutazama mzee atakavyoligeuza. Tulisubiri mjeledi. Mjeledi ulining'inia ukutani msimu mzima. Mbwa wake mwenyewe aliwapeleka kwa jirani. Alilifunga dume lile ubavuni mwa maksai mzee kabisa, asiyeshtuka hata radi ikipiga, wakala pamoja, wakanywa pamoja. Mchana alikaa karibu nalo kwenye kigoda, akiimba puani wimbo usio na maneno, akichonga mpini wa jembe. Kijana mmoja aliyekuja na fimbo mkononi alifukuzwa kama mwizi. Mwenye dume akachoka kusubiri, akaja kumdhihaki.

"Mzee, siku hizi unafundisha ng'ombe au unamchumbia?"

Mzee hakucheka. Akasema, "Huyu ameona fisi. Unataka nimwambie nini?"

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, nikiwa nimeegemea ua wa minyaa na kovu langu likiwasha. Dume lilipewa msimu mzima. Mimi nilipewa usiku mmoja. Sijasahau, na sioni kwa nini nisahau.

Alikuwa na mambo mengine yasiyolingana. Alimwita kila mtu mwoga, lakini hakukaa popote bila ukuta mgongoni. Kanisani alikaa benchi la mwisho kabisa, ameegemea tofali. Siku moja askofu alipokuja na watu wakajaa, akaombwa asogee mbele, alitoka akasali nje, mgongo kwenye tenki la maji. Kwenye sherehe alihamisha kigoda chake mpaka apate pembe ya nyumba. Ukimwita kwa nyuma hakuitika, alikuzunguka kwanza akuone. Watu walisema ni mzee mwenye heshima zake. Mimi nilisema anaringa. Na mjukuu wake mwenyewe alipovunjika mkono hakumpima. Alimpeleka kwa mama yake mdogo Katesh mpaka mkono ulipopona. Alipoulizwa alisema, "Yule si wa kijiji hiki kwa sasa." Walicheka tena.

Mwaka huu binti wa kaka yangu, Paskalina, aligongwa na pikipiki iliyokuwa inashuka na magunia, akitoka shule. Mtulinga, ule mfupa wa begani, ulivunjika, kichwa kikapiga barabara. Hospitali walimhudumia vizuri, akarudi nyumbani. Mfupa uliunga. Lakini hakuwa yule Paskalina aliyekuwa akiniiga ninavyotembea na koti jeupe. Pikipiki ikilia barabarani, anaacha kijiko mdomoni. Anaingia chumbani, anasahau alifuata nini. Mwanga wa mchana unamuuma kichwa. Nilimwambia kaka: arudi shule nusu siku kwanza, apitie njia ya juu, asikose kliniki ya kichwa mjini hata mara moja, alale mapema, asilazimishwe kusimulia, asizuiwe akitaka kusimulia.

Kaka yangu ni mtu mwema, na ni mdogo wangu, na alikuwa amechoka. Kwenda mjini na mtoto ni siku nzima bila shamba. Darasa la nne lina mtihani. "Dada," akaniambia, "mfupa umeunga. Sasa kliniki wanatibu nini?"

"Wanatibu kisichoonekana."

"Kisichoonekana nitajuaje kimepona?"

Sikupenda swali lile, kwa sababu nilijua ameshapata wa kulijibu. Alisema mzee atakuja Jumamosi. Mzee akisema amepona, Jumatatu Paskalina anarudi shule siku nzima, kwa njia ile ile ya barabarani, na habari za kliniki zimekwisha. Nilimkataza. Akasema, "Dada, wewe mwenyewe alikupima, na tazama ulivyofika."

Jumamosi walinificha saa. Nilikuwa nafua nyuma ya nyumba yangu, ambayo iko juu ya nyumba ya kaka, upande wa mlima, niliposikia ule mlio. Sikuwa nimeusikia tangu utotoni. Vidole vilikufa ganzi, shati likaniponyoka likaanguka kwenye beseni. Nilishuka nikikimbia na povu mikononi.

Kwa kuwa nilitokea juu, nilitokea mbele ya mtoto. Hakuna mtu aliyewahi kusimama pale. Miaka yote ile, watoto wote wale, kijiji kizima kilikuwa kimesimama nyuma, kikitazama kisogo.

Paskalina hakuwa amegeuka. Alisimama wima katikati ya uwanja. Nyuma yake mzee alikuwa anakunja mjeledi, na nyuma ya mzee kaka, shemeji na majirani wameanza kupiga makofi.

"Asiyegeuka amepona," mzee akasema. Kisha akaniona. "Haa, Kichwa Kilichoshonwa! Umechelewa, daktari. Kazi yako nimekumalizia."

"Shikamoo," nikasema, kwa sababu adabu ni yangu, si yake.

"Marahaba. Andika kwenye karatasi zako: amepona."

 Nilimwambia kaka, "Njoo huku."

"Dada, usianze."

"Sianzi kitu. Toka hapo nyuma, njoo usimame hapa nilipo mimi. Hatua chache tu. Mtoto ni wako."

Akaja shingo upande, akitabasamu bado kwa ajili ya majirani. Akamzunguka mwanawe. Tabasamu likabaki usoni kidogo kama kitu kilichosahauliwa, halafu likaanguka.

Macho ya Paskalina yalikuwa wazi na hayapepesi. Alikuwa ameuma mdomo wa chini mpaka damu. Hakuwa anapumua. Vidole vimeshika gauni pande zote mbili, na chini ya gauni mkojo ulikuwa unateremka kwenye soksi nyeupe za shule, alizovalishwa kwa ajili ya kupona.

"Paskalina," kaka akaita. "Mama." Hakusikia. Akapiga magoti kwenye vumbi, akamshika mabega, taratibu, na mtoto akavuta pumzi kama aliyetolewa majini, akamwangukia.

Makofi yalikuwa yamekwisha. Nilimgeukia mzee.

"Mzee, yule dume wa Dirma ulimpa msimu mzima. Uliwafukuza hata mbwa. Ulisema ameona fisi, unataka nimwambie nini. Huyu ameona pikipiki. Kwa nini ng'ombe alistahili na mtoto hastahili?"

Nilitegemea kichekesho. Alifikiri, kweli alifikiri, nikaona taya lake likitafuna.

"Ng'ombe hana mdomo," akasema. "Lazima umtazame. Mtoto ana mdomo. Akinyamaza, ni kwamba hana la kusema."

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake lote, na alilisema kama jambo jema. Maisha yake yote alimtazama ng'ombe usoni, na mtoto alimwachia aseme.

"Na ungemsikia nani, mzee? Umesimama nyuma yake na mjeledi."

Kaka alinyanyuka na mtoto begani. Hakupaza sauti. "Mzee, ahsante kwa kufika. Jumatatu tunakwenda kliniki." Shemeji akaingia ndani kuchemsha maji. Majirani waligundua kwamba wana kazi makwao.

Mjeledi ulikuwa umemdondoka mzee. Niliuokota. Nilitaka kumpa tu aende nao, naapa sikuwa na jingine. Lakini aliponiona nimesimama nao mkononi, yeye akiwa katikati ya uwanja bila ukuta, uso ulimbadilika. Macho yaliacha kupepesa. Nayajua macho yale. Nilikuwa nimetoka kuyaona.

"Weka chini, binti," akasema.

Niliuweka chini. Hakuinama kuuchukua. Aliondoka kinyumenyume, uwanja mzima, akinitazama, mkono ukipapasa hewa nyuma yake mpaka ulipogusa ua wa minyaa. Akaufuata ua kwa kiganja hadi langoni. Mzee mzima wa mabonde yote haya, na hakunigeuzia mgongo.

Sijui nani aliwahi kusimama nyuma yake, wala lini. Sikuuliza, na sitauliza. Aliumiza watoto wengi huku akijua namna ya kutowaumiza, na mimi ni mmoja wao. Paskalina anakwenda shule nusu siku, anapita njia ya juu, analala. Siku nyingine ananiiga tena ninavyotembea. Mjeledi kaka aliukata vipande, akafungia mageti ya zizi.

Mzee bado yupo. Simsamehe, na siku hizi haniiti kwa lile jina. Ila nikimkuta njiani ametangulia, mgongo wake kwangu, nakohoa kwanza, nikiwa bado mbali.